Punda wa Nkome: Kumbukumbu ya Gari Letu Kuukuu

*Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama wa hekalu na majirani, asubuhi ya maadhimisho*

   

Halmashauri iliponitaka niseme machache katika siku hii, ilinipa uhuru wa kuchagua la kusema. Wenzangu waliotangulia wamekwisha kueleza jinsi hekalu lilivyojengwa, nani alitoa kiwanja, nani aliagiza sanamu na nani aliongoza halmashauri katika miaka ya dhiki. Majina yao yamo katika kitabu hiki cha kumbukumbu, na yanastahili kuwamo. Mimi nimechagua kuzungumzia kitu kisicho na jina katika ukurasa wowote wa kitabu hiki. Nimechagua kuzungumzia gari.

Si gari la kifahari. Ni Land Rover kuukuu ya bodi ndefu, rangi yake ya asili kijani, ambayo mpaka leo imesimama chini ya mwembe, nyuma ya jengo lililokuwa duka letu pale Nkome. Mkiipita hamtageuza shingo. Kuku hutaga mayai kwenye kiti cha nyuma, na mlango wake mmoja ni wa rangi tofauti na mingine. Hata hivyo familia yetu inatakiwa kuamua, kabla ya Dussehra ya mwaka huu, gari hilo liende wapi. Nitawaeleza mwishoni ni uamuzi gani, na kwa nini baadhi yetu tunaona si haki kuufanya peke yetu. Kwanza nipeni ruhusa niwaeleze lilikuwa gari la namna gani.

Katika dini yetu miungu ina vipando vyake, nasi kipando cha namna hiyo tunakiita *vahana*. Shiva ana fahali wake, Nandi. Vishnu hubebwa na Garuda. Durga hupanda simba. Na Ganesha, mwenye kichwa cha tembo na tumbo la kushiba, hubebwa na panya. Watoto huuliza kila mwaka: panya atambebaje tembo? Wazee wana majibu mengi. Jibu la bibi yangu, ambaye sisi sote tulimwita Ba, lilikuwa fupi: “Mtazameni anayebebwa, kisha msisahau kutazama chini.” Wachongaji wa sanamu hawakusahau. Panya yupo pale, miguuni, na mwenye kuweka ua mbele ya Ganesha huwekea na panya.

Majirani zetu wa Nkome hawakuwa na haja ya mafundisho hayo ili walipe gari letu jina. Waliliita Punda. Jina lilitokana na mwendo wake, maana halikujua haraka, na kwa mzigo wake, maana halikujua kukataa. Mjomba mmoja aliyetutembelea alikasirika, akaona familia imetukanwa. Ba alicheka. Alimkumbusha kwamba Shitala Mata, mungu wa kike tunayemwomba awaepushe watoto na ndui na homa, kipando chake ni punda. Tangu siku hiyo jina likakubalika pande zote mbili za uzio. Tena Ba akaongeza sheria yake. Siku ya Shitala Satam hatuwashi moto jikoni. Tunakula chakula kilichopikwa jana yake. Ba alisema injini nayo ni jiko, kwa hiyo siku hiyo Punda hawashwi. Nadhani ndiyo likizo pekee ya mwaka aliyowahi kuandikiwa.

Gari hilo liliingia kwetu katikati ya miaka ya 1960, wakati mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita ulipofungwa. Vijana wengi hudhani dhahabu ya Geita ilianza na mgodi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2000. Sivyo. Mgodi wa kikoloni ulikuwa umechimba tangu miaka ya 1930, na ulipofungwa uliacha majengo, mashimo na vyuma. Baba alikwenda mnadani kutafuta mizani na mapipa ya mafuta ya taa. Alirudi na Land Rover iliyokwisha kutumika miaka kadhaa, maana hakuna mwingine aliyeitaka. Ilikuwa imechoka kabla haijafika kwetu.

Inafaa kueleza kidogo juu ya aina hiyo ya magari, kwa sababu ndiyo siri ya maisha yake marefu. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mwaka 1948, miaka mitatu baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza wakati huo ilikuwa na upungufu wa chuma cha pua na cha kawaida, lakini ilikuwa na alumini nyingi iliyobaki katika viwanda vya ndege. Basi bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Mabati yake yakafanywa bapa, yenye mikunjo michache, ili yaweze kukatwa na kufungwa kwa nati bila mitambo ya gharama. Waliobuni gari hilo walimfikiria mkulima, si mtalii. Kilichozaliwa na uhaba huko kikakubaliana kabisa na uhaba wa huku. Bodi ya alumini haili kutu kama bati. Fremu ya chuma iliyo chini ndiyo ya kuogopewa. Karibu kila kipande hufunguka kwa spana chache. Na betri ikifa, mbele pana tundu la kuingizia hendeli, ukaizungusha injini kwa mkono mpaka ikohoe na kuwaka.

Tulikuwa na gari jingine pia, nalo ndilo lililopendwa. Lilikuwa Peugeot 404, nyeupe. Msiwalaumu wazee wetu kwa mapenzi hayo. Katika miaka ile Peugeot ilikuwa ndiyo habari ya mji. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki yalishindwa na Peugeot 404 mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na aliyeshinda mwaka 1966 na 1967 alikuwa Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi hapa hapa Tanzania. Kila mwenye duka alitaka gari la bingwa. Peugeot yetu ilioshwa kila Jumamosi, ikafunikwa kwa turubai, ikawekewa vitambaa vilivyotariziwa kwenye viti. Punda alioshwa na mvua. Peugeot ililala bandani. Punda alilala nje, chini ya mwembe ule ule aliopo leo. Lakini masika yalipoingia, na udongo mweusi wa mbuga kati ya Nkome na Geita ukageuka uji, Peugeot ilibaki bandani na turubai lake. Mara mbili ilithubutu kutoka. Mara zote mbili ilirudi nyumbani ikiburutwa kwa mnyororo na Punda.

Wapenzi wa mbio za magari watanikumbusha jina jingine. Joginder Singh, yule wa Kenya aliyeitwa Simba, alishinda Safari mwaka 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant kwa gari la Volvo lililokwisha kutumika, ambalo wenye kiwanda walikuwa wamemaliza kazi nalo. Magari mapya yaliachwa nyuma, la zamani likafika. Baba alipenda sana kuisimulia habari hiyo kwa wageni. Aliisimulia akiwa ameegemea Peugeot.

Sasa njia yenyewe. Kwa vijana waliozoea lami nitaitaja kituo kwa kituo. Kutoka Nkome, ziwani, mpaka Geita. Kutoka Geita mpaka Sengerema. Kutoka Sengerema mpaka Busisi, ambako nchi ilikwisha na ziwa likaanza. Pale ulisubiri pantoni. Ukivuka ulitua Kigongo, ndipo ukashika njia ya Mwanza. Hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kwenda hekaluni. Leo Daraja la J.P. Magufuli, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lililofunguliwa mwezi Juni 2025, linakuvusha kabla hujamaliza kuimba bhajani moja. Zamani pale Busisi tulimaliza bhajani zote tulizozijua, tukaanza upya, na mara nyingine tukalala. Pantoni ikishafunga, imefunga. Familia za Kihindu za upande ule wa ziwa zilikuwa chache: wenye maduka, wenye vinu vya kuchambulia pamba, fundi cherehani mmoja, mwalimu mmoja. Hazikuwa na hekalu. Kwa hiyo siku za Navratri na Diwali Punda alipita kuzikusanya moja moja, wanaume nyuma juu ya magunia, akina mama wamebanana viti vya mbele na vyungu vya maziwa ya lala na mabakuli ya ladu mapajani. Tukifika hapa, wenzetu wa mjini walitutambua kwa vumbi. Kulikuwa na pipa la maji upande wa nyuma wa uwanja huu kwa ajili yetu. Wanachama wa rika langu wanalikumbuka.

Siku nyingine Punda alikuwa wa kila mtu. Msimu wa pamba alibeba magunia ya wakulima hadi kituo cha mizani cha ushirika. Ushirika huo haukuwa jambo dogo; wakulima wa kanda hii, wakiongozwa na Paul Bomani, walikuwa wamejiunga mwaka 1955 katika shirikisho la vyama vya Victoria ili wasidhulumiwe kwenye mizani, na miongoni mwa waliotiliwa shaka walikuwamo watu wa jamii yetu. Baba hakuficha hilo. Alisema mfanyabiashara mwaminifu hapotezi kitu mkulima akijua kusoma mizani. Msimu wa pamba ulipokwisha, ulikuja wa dagaa. Harufu ya dagaa haikutoka tena garini hata kwa uvumba.

Ndugu zangu, nafika sasa mahali ambapo si rahisi kusimulia.

Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia wa Uganda, na hofu ikavuka mpaka kabla ya watu kuuvuka. Jamaa zetu wengi waliamua kuondoka. Sisemi walikosea, wala sisemi waliobaki ndio waliopatia. Kila nyumba ilijua hesabu zake. Ninachosema ni kwamba waliondoka kwa Punda. Peugeot haikuweza kubeba masanduku. Niliwaona baba wadogo wawili, shangazi na binamu zangu saba wakipanda pale mbele ya duka kuelekea stesheni ya reli ya Mwanza. Shangazi aliomba gari lisimame tena baada ya hatua mia, akashuka, akarudi kufunga dirisha la nyumba ambayo haikuwa yake tena. Gari lilirudi jioni ya pili likiwa tupu. Ba aliuliza kama limesumbua njiani. Dereva akajibu halikusumbua. Ba akasema, “Afadhali lingesumbua.” Hiyo ndiyo mara pekee niliyosikia mtu akililaumu gari lile kwa kutegemewa.

Baba alibaki. Aliuza Peugeot ili kuwasaidia waliosafiri. Akabaki na Punda.

Mwaka 1978 majeshi ya Amin yalipovamia Kagera, magari ya watu binafsi yalihitajika kwa ajili ya vita, na Punda naye akaitwa. Baba alikabidhi funguo. Ba alivunja nazi mbele ya gurudumu, akalipaka kumkum kwenye boneti, na askari aliyekuja kulichukua akasubiri kwa adabu mpaka amalize. Halikurudi kwa miezi mingi. Liliporudi lilikuwa na mlango wa kushoto wa rangi ya kaki, ambao si wake, na tundu moja kwenye bati la nyuma ambalo hakuna aliyetueleza limetokana na nini. Fundi alitaka kuupaka mlango rangi ya kijani ufanane na mingine. Baba alikataa. Alisema ni nishani.

Kisha ikaja miaka ya uhaba. Wenye umri wangu wanajua maana ya neno hilo. Hawahitaji kuelezwa foleni ya sabuni. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, spea hazikuja, mafuta yaligawiwa kwa vibali, na magari binafsi yalikatazwa barabarani Jumapili baada ya saa nane mchana. Satsangi yetu ya Jumapili ikasogezwa asubuhi, na mtoaji mawaidha akajifunza ufupi, jambo ambalo wengi tuliliona kuwa neema.

Jumapili moja ya miaka hiyo, usiku, mke wa mvuvi jirani yetu alishikwa na uchungu, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Hapakuwa na kibali, betri ilikuwa imekufa tangu wiki iliyotangulia, na mafuta yaliyokuwamo yalitosha labda kufika, si kurudi. Dereva alipiga hendeli mara nne. Ya tano ikawaka. Kizuizini askari alimulika tochi ndani, akamwona mama, akaishusha kamba bila kuuliza neno. Mama na mtoto walipona. Mtoto yule ni mtu mzima sasa, na asubuhi hii yumo miongoni mwetu. Sitamtaja jina, maana ananitazama kwa jicho kali.

Nimemtaja dereva mara kadhaa. Ameniomba nisilitaje jina lake hadharani, nami namheshimu kama baba mdogo, kwa hiyo nitamwita Mzee. Nkome nzima inamjua. Alikuja kwetu akiwa utingo, kijana wa Kizinza asiye na leseni, akajifunza kwa kutazama. Sisi tuliokuwa wenye gari hatukujua lolote juu ya gari. Tulijua tu kwamba asubuhi litawaka. Kuwaka kwake kulikuwa kazi ya mtu mmoja aliyeamka saa kumi na moja.

Mzee alijua kwamba tangi likivuja, kipande cha sabuni ya kufulia kikisuguliwa kwenye ufa kitalizuia petroli mpaka ufike kwa fundi. Alijua kufunga bomba la rejeta kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli. Aliisafisha platini kwa karatasi ya msasa iliyochakaa, kwa sababu mpya ingeikwangua mno. Springi iliyokatika aliifunga kwa kipande cha mti mgumu na kamba ya katani, tukaenda hivyo hadi Sengerema. Na alikuwa na daftari. Ni daftari la shule la kurasa mia mbili, lililofunikwa kwa gazeti, lenye safu nne alizozichora kwa rula: tarehe, safari, tatizo, tiba. Pembeni, kwa herufi ndogo, aliandika aliowabeba.

Nimelisoma daftari hilo mwaka huu kwa mara ya kwanza. Nilitarajia kusoma habari za plagi na gesketi, nazo zimo. Zaidi ya hizo nilikuta majina. Wajawazito. Wagonjwa wa kipindupindu. Mwanafunzi aliyefaulu kwenda sekondari ya bweni, yeye na godoro lake. Bwana harusi. Mahujaji wa kwenda kuagwa Mwanza. Kwaya ya kanisa, watu ishirini na watatu, na mbele ya idadi hiyo Mzee ameweka alama ya mshangao. Na ipo tarehe ya Ba.

Ba alifariki Nkome wakati wa masika. Mnajua kwamba mila yetu inataka mwili uchomwe upesi, na mahali petu pa kuchomea pako huku Mwanza. Majirani walikusanyika kabla hatujawaita. Vijana wa Kisukuma na wa Kizinza walipasua kuni kavu walizokuwa wameziweka kwa ajili ya mvua, wakazipakia. Wazee wa msikitini walilifunika gari kwa turubai ili kuni na maiti visiloane. Akina mama wa kanisani waliimba mpaka tukapotea njiani. Pale Busisi foleni yote ya pantoni ilisogea kando ikatupisha. Mzee hakula kitu mpaka majivu yalipopoa. Katika daftari, kwenye safu ya tatizo, ameandika: “Hakuna.” Kwenye safu ya tiba hakuandika kitu.

Katika miaka ya 1990 biashara ilifunguliwa, magari yaliyotumika ya Japani yakaanza kumiminika, na mwaka 2000 mgodi mpya wa Geita ulipofunguliwa barabara zikajaa magari ambayo Punda asingeweza hata kuyafuata vumbi. Ndugu zangu walinunua magari mazuri, na walifanya vema. Punda akaendelea kwa miaka michache kubeba maji na mchanga. Kisha siku moja akaegeshwa chini ya mwembe, mzima, injini ikiwa moto, na hakuna aliyepanga kwamba isiwashwe tena. Kitu kibovu kingetulazimisha tukitengeneze au tukitupe. Yeye hakuwa mbovu, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na sababu ya kumfikiria. Kila Dussehra, tunapoviheshimu vyombo vya kazi, magari yetu mapya huvishwa mashada ya maua ya manjano na ndimu huwekwa chini ya magurudumu. Mzee ndiye, ambaye si Mhindu, aliyekuwa akichuma ua la pembeni na kulichomeka kwenye taa ya Punda.

Sasa nije kwenye uamuzi.

Baba hayupo tena. Kadi ya gari ingali kwa jina lake, na warithi tuko watatu. Yamekuja maombi matatu. La kwanza ni la wanunuzi wa vyuma chakavu. Wanaitaka alumini; itayeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, itoke masufuria. Msidhani nayadharau masufuria. Gari lililobeba chakula miaka yote likigeuka chombo cha kupikia halijafedheheka, na dini yetu haituzuii kuamini kwamba kitu hubadili umbo. Ombi la pili ni la wapwa zangu walioko Leicester. Huko magari ya aina hii sasa yana bei, na vijana hao, kwa mapenzi ya kweli, wanataka walisafirishe, walitengeneze, walipake rangi upya na kulionyesha. Nimeziona picha za magari yaliyofanyiwa hivyo. Yanang'aa. Milango yote ni ya rangi moja.

Ombi la tatu ni la Mzee. Hakuliandika, alikuja akaketi barazani, akanywa chai, akazungumza habari za mvua, na alipokuwa akiaga ndipo akalisema. Vijana wa Nkome wanajifunza ufundi juu ya pikipiki na magari ambayo tatizo lake husomwa na kompyuta. Wanabadilisha kifaa bila kuona kinafanya nini. Ndani ya Punda kila kitu kinaonekana: unaona hewa inakoingia, mafuta yanakochanganyika nayo, cheche inakoruka, gia inakoshika gia. Anaomba gari liburutwe hadi kwenye banda la mafundi karibu na mwalo, lifunguliwe lote na kufungwa tena, mwaka hadi mwaka, na wanafunzi. Yeye atawafundisha maadamu anaona. Daftari atalitoa.

Kisheria Mzee hana hisa hata ya nati moja. Nimewauliza ndugu zangu swali hili, nami nawauliza ninyi: mali ni ya yule ambaye jina lake liko kwenye kadi, au kadi huonyesha tu nani wa kulipa kodi? Baba alilipa bei ya mnada mara moja. Mzee aliilipa kila alfajiri. Majirani walililipa kwa kuni za Ba. Nani kati ya hao ameuziwa kwa bei nafuu?

Mimi nimekwisha kusema upande wangu nyumbani, na nausema hapa: liende kwa mafundi, na mlango wa kaki usipakwe rangi. Ndugu yangu mmoja anaafiki. Mwingine angali anapima, na hoja zake si za choyo. Anauliza nani atanunua matairi na klachi, nani atawajibika mwanafunzi akiumia, na itakuwaje Mzee akishaondoka. Ni maswali ya mtu mwenye busara; hayajibiwi kwa machozi ya mhadhiri. Yanahitaji watu wenye majibu, na baadhi yenu mnayo. Wapo hapa wenye gereji. Wapo walimu wa ufundi. Yupo mwanasheria mmoja au wawili wanaojua jinsi ya kuhamisha kadi ya marehemu bila kugombanisha watoto wake.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mwenyekiti, sina ombi la mchango wa fedha asubuhi hii, na naona wengi wamepumua. Nina mwaliko. Jumapili inayotangulia Dussehra, saa nne asubuhi, familia yetu itakaa chini ya mwembe ule kuamua. Tumekubaliana sote watatu, hata yule anayepima, kwamba yeyote ambaye jina lake au la mzazi wake limo katika daftari la Mzee ana haki ya kuketi na kusema. Daftari litakuwa wazi mezani. Chai itakuwapo. Njia ni ile ile, ila Busisi hamtasubiri.

 Jai Shri Krishna.